Nilivyojipaka Bahari

Hii habari hainipambi hata kidogo. Ukiisoma mpaka mwisho utaniona bwege, na hapo nimepunguza.

Mwaka ule reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma nilikuwa kibarua kambini, kijana wa kuchekesha watu. Shule ya misheni ilinifundisha kusoma, kuandika na kuiga sauti ya mwalimu. Nikampenda binti mmoja wa Msalato, naye akanikubali. Aliyegoma ni baba yake.

"Huyu ni mzaha mtupu," alisema. "Nitampaje mke mtu asiyeweza kutulia?"

Mwishowe akatoa sharti: nije jioni moja, nikae naye mpaka ng'ombe wote waingie zizini, bila kucheka wala kuchekesha. Nikishindwa, nisirudi tena.

Nikaona kutulia peke yake hakutoshi, lazima na kunukia ninukie kama mtu mzima. Pale kambini palikuwa na mpishi wa pwani, alinukia vizuri hata akitoka kumenya vitunguu. Nikamwomba manukato ya kwendea ukweni. Yake yalikuwa yamekwisha, ila akanisimulia harufu ya kijiji chao, huko mwisho wa njia ambako hata mtoza kodi wa Mjerumani hafiki. Mikoko imesimama kwenye matope, watu hakuna, na upepo ukigeuka karafuu za visiwani zinavuka maji mpaka mlangoni.

"Mtu akiinusa hiyo, mwanangu, ugomvi wote unamtoka."

Basi nikaitaka hiyo hiyo. Bahari sijawahi kuiona, lakini nani hajui kwamba ni chumvi? Mpishi akanipa mafuta ya nazi na karafuu, chumvi nikaitia mwenyewe, konzi kwa konzi. Haikuyeyuka. Ilikaa chini ya chupa kama mchanga.

"Na hii nini?" mpishi akauliza.

"Ufukwe."

"Yote hiyo! Unakwenda kuposa au unakwenda kuanikwa kama papa?"

Nikajipaka shingo, mikono, makwapa, hata nyuma ya masikio, nikatembea mpaka Msalato. Jua likaniyeyusha, vumbi likanishika, nikafika mwekundu kama ukuta wa tembe lao.

"Mbukwenyi," nikasalimu kwa Kigogo, kwa heshima zote. Mzee akaitikia, akanionyesha kigoda karibu na mlango wa zizi. Nikakaa kimya. Mzee akanusa mara moja, akanusa tena, akatazama pembeni. Nikajisemea, pwani imeingia hiyo.

Ng'ombe wakaanza kurudi. Wa kwanza akanipita, akasimama, akarudi nyuma. Ulimi wa ng'ombe, kama hujawahi kulambwa, ni msasa wenye mate. Akaanza na mkono. Nikakaza meno. Wa pili akachukua sikio. Kutoka mlangoni mwa tembe nikamsikia binti anakohoa, kile kikohozi cha mtu aliyejiziba mdomo kwa nguo.

"Kijana," mzee akasema, "unaumwa?"

"Hapana, baba."

"Mbona machozi?"

Kabla sijajibu, ndama mmoja akaingiza kichwa chini ya kwapa langu. Nikapasuka. Nilicheka nikaanguka na kigoda, na ng'ombe waliokuwa bado nje wakauacha mlango wa zizi wakaja kunizunguka pale chini. Ikabidi mzee na wanawe wawatoe juu yangu mmoja mmoja kwa fimbo, na kila aliyetolewa alirudi kwa upande mwingine.

Niliposimama nilikuwa nimelowa mpaka kiunoni, na karafuu yote imeliwa. Sikungoja kufukuzwa. Nikaaga nikitazama chini, nikashika njia. Nilikuwa nimeshapita uzio wa miiba mzee aliponiita.

"Umeshindwa," akasema, uso mkavu kabisa. "Lakini hawa ng'ombe nimewalea mwenyewe, na sijawaona wakimgombania mtu. Rudi kesho, ukiwa umeoga. Nataka nione kama watakufuata bila chumvi."