Jiko la Philemon na Mayai ya Zeituni

"Philemon, hilo jiko la stima nimekukataza mara tatu! Unataka kuniulia mashine?"

Andati alikuwa amesimama mlangoni pa hoteli ya Philemon, mikono imejaa grisi. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, na wakulima waliolipwa pesa za miwa walikuwa wamejaa humo wakidai nyama. Miaka hiyo sukari ilikuwa sukari. Mtu akilipwa, mchuzi wa jana hautaki.

"Unanikatazanga mimi tu," Philemon akajibu. "Zeituni muuza vifaranga, mashine yake ya mayai si inawaka huko nyuma? Ama ni kwa sababu ulikula kuku wake?"

Watu wakacheka. Ilikuwa kweli. Mama mkwe wa Andati alikuja ghafla, na mkwe hapewi mboga ya sukuma wiki, kwa hivyo alikopa kuku kwa Zeituni. Miezi mitatu ilikuwa imepita na hajalipa.

Andati alichunga jenereta ya jengo letu hapa Lurambi miaka kumi na moja. Stima ikipotea, alizima vyote, akawasha injini, kisha akaongeza kimoja kimoja huku ametega sikio: taa, pampu ya maji, friji ya mwenye maziwa. Zeituni alikuwa na sanduku la kuangulia mayai themanini, limebakisha siku mbili vifaranga watoke. Hilo lilikula stima ya taa chache. Jiko la Philemon lilikula ya jengo zima. Lakini jina likishachafuka, nani atakusikiliza?

"Njooni nyuma," Andati akasema.

Tukamfuata. Akazima sanduku mbele yetu. Zeituni akashika kichwa.

"Haya, Philemon, sanduku limekuachia nafasi. Agiza jiko lako liwashwe."

Likawashwa. Injini ikaguna kama trekta iliyopakiwa miwa kupita kiasi, ikatema moshi mweusi, taa zikawa nyekundu.

"Zima! Zima!" Aliyepiga kelele ni Philemon mwenyewe. Siku hiyo alipikia makaa.

Sanduku likawashwa tena. Jioni Zeituni akamwambia Andati, "Baba Khalayi, achana na hiyo kuku. Nimekusamehe."

"Ukinisamehe, Philemon atakuwa amesema kweli."

Kesho yake saa ya chakula cha mchana Andati akaja na kuku tembe mwekundu, miguu imefungwa. Hakupitia uani. Alipita katikati ya hoteli, meza baada ya meza, polepole, akaenda kumkabidhi Zeituni.