Uji wa Bi Mwanaidi

Wasomaji, aibu hii bado mbichi. Nilipeleka posa kwa Zuhura, hapa Temeke, na jibu lilikuwa halijatoka. Mama yake, Bi Mwanaidi, alishasema anataka mkwe anayefunga na kuswali. Mie ni mwoga wa kusema na watu, hivyo aliponiomba niwafundishe wanawe wadogo milango mitano ya fahamu, kama nilivyofundishwa shuleni, nilishukuru.

Ilikuwa alasiri ya Ramadhani. Tulipofika kwenye ulimi niliwafunga watoto kanga machoni, wakaonja chumvi, ndimu na asali.

"Zamu yako, Mwalimu!" wakapiga kelele.

Sikuwahi kuitwa Mwalimu. Kichwa kikavimba. Nikafungwa kanga, nikafungua mdomo. Mdogo wao akakimbilia jikoni, akarudi na kijiko cha kitu cha moto.

"Uji wa pilipili manga," nikasema kitaalamu. Nikaomba kijiko cha pili, nikameza. "Sukari haikutosha. Nani kaupika?"

"Nimeupika mie, baba," akajibu Bi Mwanaidi, karibu kabisa na sikio langu. "Wa kufuturia. Kumbe mwenzetu hufungi?"

Sikuthubutu kuifungua ile kanga.