Neno Tulilovuka Nalo Ziwa

Watoto wetu walimwita baba yao Tatu, maana ndivyo Waluba wa Kasai wanavyomwita baba. Mimi ni Mtabwa, mtoto wa ziwani, lakini nililipenda neno hilo. Jioni mume wangu alipotoka karakana ya reli, pale Kalemie, kelele za "Tatu! Tatu!" zilimpokea tangu barabarani.

Miaka ile ya mwisho ya Zaire, wasafiri wakaanza kuleta habari za kusini: Wakasai wanafukuzwa, nyumba zao zinachukuliwa. Mtaani kwetu hakuna aliyechoma nyumba. Ilianza na salamu kupungua. Kisha jirani yetu aliyefanya kazi bandarini, aliyekula ugali kwetu kila Jumapili, alisimama mlangoni bila kukaa akamuuliza mume wangu, "Ninyi Wakasai munarudia lini kwenu?"

Mume wangu alizaliwa Kalemie. Mama yake amezikwa Kalemie. Nilitamani kumrushia yule bwana mwiko, na hadi leo najuta kidogo kwamba sikumrushia. Jirani alipoondoka, mume wangu aliwaita watoto.

"Kuanzia leo muniite Papa, kama watoto wengine."

Mtoto wetu mdogo akauliza yeye amekosa nini. Hilo liliniuma kuliko yote.

Tulivuka kwenda Kigoma, tukapanga chumba kwa mama mmoja Muha. Sisemi ilikuwa paradiso. Umeme ulikatika ovyo, na sisi tuliozoea umeme wa bwawa la Bendera tulinuna sana. Mume wangu, fundi wa injini za treni, alikuwa anaziba pancha za baiskeli. Hakuna aliyemuuliza kabila lake, lakini alizungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliye hospitali, na watoto waliendelea kumwita Papa. Nilijiuliza kama neno lile litarudi tena.

Ukafika wakati wa uchaguzi. Mama mwenye nyumba akatupeleka mkutanoni. Mgombea udiwani alikuwa Mnyamwezi, na kabla hajamaliza kusalimia, mzee mmoja Muha akapiga kelele, "Wewe Mnyamwezi, rudi kwenu Tabora ukabebe mizigo!"

Hatukungoja zaidi. Mume wangu alibeba mtoto mmoja, mimi mwingine, tukakimbia. Mama mwenye nyumba alitukuta tunafunga mabegi.

"Mnakwenda wapi?"

"Sisi tunajua vile inaanzaka," mume wangu akasema.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Wale ni watani, baba! Yule Mnyamwezi akifiwa, huyo mzee ndiye atakayekwenda kumchekesha msibani."

Sikumwamini. Kura zilipohesabiwa, Mnyamwezi akashindwa, nami nikangoja mawe. Asubuhi nilimkuta huyo aliyeshindwa kibarazani anakunywa kahawa, mzee yule yule akimcheka. Alikuwa amelala kwake na ameamka kwake. Nilisimama pale na beseni langu la mihogo, nikalia kwa wivu. Kwetu rais alikuwa yule yule tangu nikiwa msichana, na mtu aliweza kupoteza nyumba kwa sababu ya mahali alikozaliwa babu yake. Kumbe watu wanaweza kugombana hadharani kisha wakaagiza kahawa! Niliamini siku ile kwamba hata sisi tungeweza.

Dada yangu alipotuma habari kwamba mambo yametulia na karakana inawataka mafundi, tulirudi. Mtu wa kwanza tuliyemwona bandarini alikuwa jirani yule. Alituona, akaangalia viatu vyake. Nilishika begi kwa nguvu.

Mume wangu akamwambia kwa sauti, "Ninyi wala-ndakala, bado hamujamaliza samaki mu ziwa?"

Ndakala ndio dagaa wetu, chakula cha watu wa ziwani. Utani wa namna ile haukuwa desturi kati yao, na watu walikuwa wamegeuka kutazama. Jirani aliinua macho kutoka viatuni. Kisha akasema, "Tulishindwa kumaliza. Tulikuwa tunangojea Wakasai mutusaidie." Akamnyooshea mkono. "Karibu kwenu, ndugu yangu."

Akachukua sanduku letu, akaliweka begani. Katika msukumano wa abiria mtoto wetu mdogo alibaki nyuma, akatishika.

"Papa!" aliita. Kila mwenye mtoto aligeuka. Akavuta pumzi, akaita tena kwa nguvu zake zote, "Tatu!"

Akageuka mmoja tu. Aliitika kwa lugha ya mama yake, kwa sauti ya kusikika hadi stesheni.