Vumbi la Baba

Miaka ile nikiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, kwetu ilikuwa mtu akisafiri chumba chake hakifagiwi. Ukifagia nyuma ya msafiri umemfagia mwenyewe, na aliyefagiwa harudi. Wengine waliishika miko hiyo mpaka jua la siku ile lizame, wengine mpaka zije habari kwamba mtu kafika salama. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa na sheria yake: mpaka amwone kwa macho.

Na msimcheke. Mwanawe mkubwa, baba yangu mkubwa Amuri, aliondoka asubuhi moja kwenda Songo Songo. Hata hajaipita nyumba ya mwisho, mkewe akashika ufagio. Bahari haikumrudisha. Bibi hakumsema mkwewe mbele za watu, lakini tangu siku hiyo alikuwa akimsindikiza kila msafiri wa nyumba yetu kwa jicho moja, jicho la pili liko kwenye ufagio.

Basi kijiji kikamchagua baba aende Dar es Salaam kujifunza kuendesha trekta. Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, kila mtu anajua jirani yake kapika nini. Baba akapanda juu ya lori la korosho akitupungia kofia, nasi tukaona fahari kweli. Bibi akarudi ndani, akautoa ufagio chumbani mwa baba na mama, akauchomeka juu kwenye makuti ya paa.

Siku ya nne paka wetu Chausiku akazaa watoto watano chini ya kitanda cha baba. Paka hupenda kuzaa mahali pasipo na bughudha, na chumba kile hakikuwa na bughudha hata ya ufagio. Wiki ya kwanza tulijikuna tukidhani mbu. Wiki ya tatu hapakuwa na shaka tena. Ukiingia mle ukatoka, miguu imejaa viroboto kama mtu aliyekanyaga ufuta.

Mama alihamia chumba cha Bibi, nao wakahama naye. Walikuwa kwenye mkeka, kwenye nepi, kwenye mtandio wa kuswalia. Majirani wakaanza kusalimia wakiwa wamesimama mbali. Shuleni wakaniita Mama Viroboto. Nilipigana na wawili, nikamshinda mmoja.

Aliyeumia hasa ni mdogo wangu Saidi, mtoto wa miezi minane. Mwili mzima ulikuwa vipele, na vingine vimeanza kutunga usaha. Akinyonya kidogo analia, akisinzia kidogo anashtuka, na mashavu aliyokuwa akisifiwa nayo yakaisha. Mama akamwomba Bibi kwa upole, mara ya kwanza na ya pili, chumba kifagiwe. Bibi akasema hapana, baba hajarudi. Mwalimu wetu wa chuoni, aliyetufundisha Kurani, akaja kumkumbusha kwamba usafi ni sehemu ya imani. Bibi akamsikiliza kwa adabu zote, akampa na uji, kisha akamjibu, "Mwalimu, imani ninayo. Mtoto mwingine ndiye sina." Mwalimu akamaliza uji wake, akaaga.

Jumatano mama akafunga nguo zake na za Saidi kwenye kanga. Hakupaza sauti.

"Mama, nakuheshimu," alimwambia Bibi. "Lakini Ijumaa haitanikuta hapa. Nampeleka mtoto kwetu Mingoyo."

Mimi nisingekwenda naye, nilikuwa mtoto wa shule, ningebaki na Bibi. Na nilijua, kama kila mtoto ajuavyo bila kuambiwa, kwamba mwanamke akitoka na kifurushi mume hayupo, kurudi kwake si rahisi. Watakaa wazee, yatasemwa maneno, na mengine hayafutiki. Nikaona nimebanwa. Chumba kikifagiwa, nampoteza baba. Kisipofagiwa, nampoteza mama. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikasirika, nisiseme uongo, nilikasirika hata na Mwenyezi Mungu.

Alhamisi asubuhi Bibi aliniita uani tutwange mtama. Kila tukitwanga, punje zinaruka nje ya kinu, na Bibi anazifagia kwa kifagio kidogo, anazivuta zirudi miguuni petu. Nikatazama ule mkono wake. Alikuwa anafagia, jamani, na hakuna kilichokuwa kinapotea.

"Bibi," nikamuuliza, "huo mtama unaufagia kuutupa?"

"Nani atupe chakula? Naukusanya."

"Basi na vumbi la baba tulikusanye. Tufagie kutoka mlangoni kwenda ndani. Lisitoke nje."

Bibi aliacha kifagio hewani. Nilijiandaa kwa kofi. Badala yake akaniita kwa jina alilozoea kunitania, "Mke mwenzangu, likishakusanywa tutaliweka wapi?"

Akili yangu ilikuwa imeishia mlangoni. Ni yeye aliyenyanyuka, akaenda akasimama kizingitini pa kile chumba, akatazama chini muda mrefu huku viroboto wakimrukia ndala, kisha akasema, "Tutalikanda na udongo. Tutasiribia sakafu hiyo hiyo."

Mara nikaona mwanamke mwingine. Akauchomoa ufagio kwenye makuti, akapiga Bismillahi, akainama, akaanza kufagia kinyume cha desturi yote, kutoka mlangoni kuelekea kitandani. Mama alikuwa amesimama na kifurushi chake, hajui acheke au alie. Kisha akakiweka chini, akaenda kubandika maji.

Vumbi lilijaa beseni zima. Mama alipoinua sufuria ya maji yaliyochemka, Bibi akamshika mkono. Alisema anaogopa kumchoma mwanawe.

"Kiroboto ndiye anayeungua, Mama," mama akamwambia. "Nyayo haziungui."

Bibi akafikiri. "Haya. Mimina wewe, mimi nasoma dua."

Mama akamimina, Bibi akasoma, na mimi nikamwaga udongo wa kichuguu. Tukakanda, tukasiriba, kila ufa, kila pembe. Kitanda tukakitoa jua kali, kamba zake tukazimwagia maji ya moto. Mikeka ikaanikwa, nguo zikachemshwa. Chausiku akaogeshwa kwa maji ya mwarobaini, na kovu la shukrani yake ninalo mkononi mpaka leo. Watoto wake tukawachana kwa chanuo, mmoja mmoja, na kila kiroboto aliyepatikana akaishia kwenye bakuli la maji ya sabuni. Ijumaa ilimkuta mama jikoni anakaanga samaki.

Msidhani waliisha siku moja. Baada ya siku kumi wakaibuka wengine, wadogo, wenye njaa. Lakini Bibi alikuwa keshakuwa jemadari. Kila asubuhi alifagia kwenda ndani, akalimwagia lile vumbi maji ya moto, akazibia nyufa, na kitambaa cha kulalia paka kikachemshwa upya. Mara ya tatu hakutokea hata mmoja. Saidi akalala mchana kutwa, mpaka mama akawa anamwamsha kwa wasiwasi.

Baba alirudi mwezi uliofuata, mnene, na viatu vya ngozi. Bibi hakumkumbatia kwanza. Alimwambia avue viatu, akampeleka chumbani, akamwambia, "Kanyaga." Baba akakanyaga, haelewi kitu. Bibi akaitazama miguu ile, akapiga kigelegele, na mistari yote ya kijiji ikakimbilia kwetu kujua kulikoni. Mbele yao wote akanisukuma mimi mbele. Sijawahi kuwa mrefu kama siku ile.

Baadaye nilisomea uuguzi, nikajifunza kwamba mayai ya kiroboto hukaa vumbini na kwenye nyufa kuliko hata mgongoni mwa paka. Vijana ninaofanya nao kazi huwa wana haraka ya kuwaambia wazee kwamba hawajui kitu. Mimi huuliza kwanza mtu anaogopa kumpoteza nani. Bibi hakuwa akilinda vumbi. Alikuwa amemshika mtoto wake wa mwisho kwa njia pekee aliyobakiwa nayo, na mama alikuwa amemshika wake. Anayemwambia mtu aachie asitegemee kusikilizwa. Nyumbani kwetu hakushindwa mke wala mama mkwe. Walioshindwa ni viroboto.