Vijiti vya Msandali

"Huyo mama jirani ako na dawa! Misandali ya mlimani wezi wameimaliza, mbona vijiti vyake vishike mizizi na vyangu vikauke?" Mbeke alimfokea mumewe.

"Si wewe huving'oa kila asubuhi kuangalia kama viko na mizizi?"

Wivu ulimjaa Mbeke. Akilini alimwona jirani yule wa Kisaju, kucha nyeusi kwa udongo, akinoa kisu kwenye kiatu cha tairi, akivifunika vijiti kwa nailoni na kuvibembeleza kama watoto. Eti alichomeka rungu la mchungaji ardhini, likachipua mchungaji akiwa bado amelishika!

"Leo naenda kuvichoma vyote, hata kama ndivyo vya mwisho Kajiado!"

"Hodi," jirani akaingia, amekumbatia mche mbichi wa msandali. "Mbeke, huu ni wako."

Mbeke akamfutia kiti kwa leso.