Ushuhuda Alioutaka Mama

Mama alitaka nisimame kanisani nishuhudie kwamba Mungu amemponya presha. Aliniambia Jumamosi, tukichambua maharage uani kwetu Mbulumbulu, kisha akaongeza neno lililoniondolea raha.

"Ukishashuhudia, mwanangu, vidonge naviacha. Siwezi kushukuru kanisani halafu nikameza dawa chumbani."

Nilikasirika. Alipoanguka shambani wakati wa palizi mwaka jana tulimfanyia yote kwa mkupuo: vidonge vya hospitali, maombi ya majirani, na supu ya mizizi aliyoletewa na rafiki yake Mmasai wa Endulen. Akainuka. Sasa ashukuriwe nani? Watu watatu tumetia chumvi chungu kimoja, halafu tunagombania iliyokoleza.

Mimi ni dereva wa watalii. Siku moja kule kreta, tunakopeleka wageni kuona wanyama, mwenzetu alitangaza faru kwenye redio, magari yote tukayakimbiza huko, kumbe jiwe. Tangu hapo nikiona doa la kijivu kwa mbali nasema sijui, tusubiri lisogee. Wageni hununa. Na kwa Mungu nimekaa hivyohivyo, darubini mkononi, wala si raha. Nawaonea wivu wanaoimba wamefumba macho.

Jumapili nilisimama.

"Bwana asifiwe," nikaanza, maana ndivyo tunavyoanza. "Mama alikuwa hawezi kusimama, leo anatembea. Kilichomponya sikijui. Ninachojua ni kwamba Krismasi aliacha vidonge, akaanguka tena."

Amina zilikuwa za kuhesabu. Mama aliinamia sakafu.

Nyumbani alimimina chai, akatoa kidonge, akakishika mbele ya uso wangu.

"Na hiki je, unakijua?"

"Sikijui chote, mama. Naogopa tu ukikiacha."

"Si ungesema hivyo tangu jana, kuliko kunitia aibu mbele za watu." Akakimeza. "Nameza kwa kuwa wewe unaogopa. Hayo mengine uliyohubiri leo sijayasadiki."

Nilishusha pumzi, na papo hapo wasiwasi ukanirudia. Nilitaka aamini yaliyompata mwilini mwake mwenyewe. Badala yake ameniamini mimi, kama anavyomwamini mchungaji, na mimi ndiye niliyetoka kusema mbele ya kanisa zima kwamba sijui.