Mwalimu wa Kupumua
Katika chumba cha nyuma cha kliniki ya afya ya akili, mwalimu wa kupumua huwasha mshumaa wa manukato, hupiga chafya, kisha huyumbisha mikono kama anayebembeleza mtoto. "Vuteni pumzi, wapendwa." Mshonaji, aliyekuwa akinywa vidonge vya daktari bila hata kutabasamu tangu afiwe na mumewe, aliburutwa hapo na dada yake. Siku hiyo mwalimu aliwafumbisha macho, akahesabu pumzi polepole, polepole zaidi, kisha akakoroma. Mshonaji akafumbua jicho moja.

"Tumwamshe?" dada yake akanong'ona.

"Mwache, dawa imemkolea."

Kicheko kikamponyoka mshonaji, cha kwanza tangu msiba, akacheka mpaka akashika mbavu. Mwalimu akashtuka, akafuta mate kidevuni.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa toeni."